Gari la Wageni wa Jipe

Siku ya kwanza kazini sikushika usukani. Meneja, Mzungu mrefu aliyebaki Voi baada ya Uhuru, alinipa ndoo na kitambaa. "Wewe osha gari. Kama osha safi, kesho endesha." Nikaosha mpaka ndani ya madigadi. Jioni akapitisha kidole humo, akakitazama, akaenda zake. Kesho yake nikapewa ufunguo na kofia yenye nembo. Nilikuwa kijana, basi nikajiona mtu kweli kweli.

Kazi yenyewe ilikuwa kubeba watalii. Walishuka kwa treni pale Voi, nasi tukawachukua kwenda Taveta na ziwa Jipe, kuangalia nchi tu na kurudi. Nyinyi mnaopita kwa lami mkisikiliza muziki hamwezi kuelewa. Barabara ilikuwa ya maramu, yaani changarawe nyekundu, na malori yaliikunja ikawa mikunjo mikunjo. Ukienda pole, meno yanagongana. Ukikaza mwendo gari linaelea juu ya mikunjo, lakini breki huna. Dereva alitafuta mwendo wa katikati akaushikilia Mwatate, Bura, mpaka Maktau, vijiji vya maduka mawili matatu na kanisa. Wageni walipenda sana hivyo vijiji. Waliviona kwa dakika tano, kwa nini wasivipende?

Baada ya Maktau ni nyika kavu, halafu ukikaribia Taveta nchi inageuka. Maji ya Kilimanjaro yanabubujika kutoka ardhini, baridi, unaona mawe chini. Migomba kila upande, kisha mto Lumi, kisha mafunjo na matete hadi Jipe, ambako yangeyange wanasimama juu ya migongo ya viboko na milima ya Upare iko ng'ambo. Udongo wa huko ni mweusi. Mvua ikinyesha unanata kwenye magurudumu kama ugali. Tulipunguza upepo wa magurudumu, tukafunga minyororo, tukaingiza fowili, ndiyo kusema magurudumu yote manne yanavuta, na bado tulizama. Pazuri, sikatai; wageni niliwaambia, na nyumbani nikarudia, kwamba ukiliona ziwa asubuhi unasahau uchovu wote. Lakini mimi sipapendi.

Meneja alikuwa na sheria zake. Gari halisimami nje ya ratiba. Gari halibebi mwenyeji. Na mgeni asisikie habari ya huzuni. "Mgeni nalipa kwa furaha," alisema. "Shida yako weka nyumbani."

Nyumbani kwangu kulikuwa Bura, karibu kabisa na barabara. Nilipita hapo kila safari nikapiga honi, na mke wangu Mshai akatoka kupunga mkono. Tulikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa. Msimu wa watalii ukianza, likizo hakuna, nikawa nalala kwangu Jumapili moja moja. Alipokuwa na mimba ya kwanza miguu ikamvimba, na kichwa kikawa kinamuuma mchana kutwa. Mama yangu akaniambia nimpeleke hospitali ya mlimani akangoje huko. Nikaenda ofisini kuomba ruhusa.

"Bibi yako nazaa, au wewe nazaa?" Meneja aliniuliza.

"Ni yeye, bwana."

"Basi wewe fanya nini huko? Mvua nakuja. Peleka wageni, rudi, halafu enda."

Wageni wenyewe walikuwa mzee mmoja wa Kizungu na mkewe. Tulipofika Bura nikavunja sheria, nikasimama. Mshai alikuwa amekaa kizingitini, hakusimama. Nikamwendea mbio.

"Umeamkaje?"

"Niko tu. Wee, wageni wanakutazama. Nenda, usinitie aibu."

"Nikirudi tunapanda mlimani, sawa?"

"Sawa. Na uniletee perege, nimechoka na maharagwe."

Mama alinifuata mpaka garini. "Mwanangu, huyu si wa kungoja," akasema kwa Kidawida, lugha yetu. Nikamwambia, nisubirini kidogo tu. Nikawasha gari.

Jipe mvua ikatunyeshea usiku kucha. Asubuhi gari lilikuwa limekaa mpaka kwenye ekseli. Nilichimba, nikaweka matete chini ya magurudumu, nikachimba tena. Mzee yule alikuwa mtu mzuri, alivua viatu akasukuma pamoja nami. Tulitoka hapo siku ya pili yake, mchana.

Tulipoikaribia Bura, nikaona vijana wanabeba mabenchi ya kanisa kushuka nayo kuelekea kwangu. Watu wamejaa uani. Yule mama wa Kizungu akafurahi, akaniuliza kama ni harusi.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hapo ni kwangu."

Sikumbuki kulizima gari. Namkumbuka mama yangu akija na kitoto ndani ya kanga. "Tuliingia barabarani usiku, tukangoja gari lolote," akasema. "Gari la misheni lilikuwa safarini, na basi halikupita kwa ajili ya mvua. Alikuwa akiuliza kama tunasikia honi yako."

Dereva mimi! Gari zima la fowili nilikuwa nalo Jipe, limezama kwenye tope ili watu wapige picha viboko, na mke wangu anafia kando ya barabara kwa kukosa gari. Mpaka leo nikilifikiria hilo moyo unaniuma.

Yule mama wa Kizungu alishuka, akakaa kwenye benchi pamoja na wanawake mpaka jua likazama. Treni yao ikawaacha. Baada ya mazishi Meneja akaniita.

"Pole. Lakini wageni kwanza. Ungefikisha wao Voi, halafu rudi. Mtu nakufa, haendi popote."

Kitoto kilihitaji maziwa ya kopo, na kazi nyingine sikuwa nayo. Nikaendelea. Akaja meneja wa pili, mtu wetu, mwenye tai na Kiswahili safi, na yeye pia likizo hakutoa. Nilipita Bura miaka yote hiyo. Honi sikupiga tena.

Nilistaafu macho yalipoanza kuona ukungu. Binti yangu, Wakio, sasa ana watoto wake. Juzi tulikuwa tunachambua kunde, akaniuliza, "Baba, mama alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikatafuta la kumwambia. Kila kona ya barabara ile ninaijua, na kila mahali pa kuzama. Lakini Mshai alicheka kwa mambo gani? Aliogopa nini? Tungeyajua hayo taratibu, tukizeeka.

"Alikuwa mzuri," nikasema. "Mtulivu. Ukimwona asubuhi unasahau uchovu wote."

Wakio akaweka ungo chini. "Baba, hayo ndiyo uliyokuwa ukiwaambia wageni juu ya ziwa."

Nikainama, nikaendelea na kunde zangu.