Nilivyojifunza single crochet nimalizie Mama kitambaa cha sita

Wakuu, salamu kutoka Sosiot. Hii sijaiongeza chumvi, hata ile ya kuonja.

Mimi nauza viatu vya mitumba sokoni. Kazi yangu ni mdomo. Sindano nilijua ile ya kudungwa tu.

Mwaka jana dada yangu Chebet alipata mchumba, tukapanga siku ya koito, yaani watu wa kijana waje kwetu kuongea mahari. Mama akaanza kushona vitambaa vya viti, sita. Vitano vikaisha. Cha sita kikafika nusu, vidole vikakataa. Miaka ya kuchuma majani chai asubuhi za baridi imemkaa kwenye viungo.

Nilihesabu mara mbili, kama kawaida yangu. Bado vilikuwa vitano na nusu.

Nikaenda Kericho mjini, nikabargain hadi muuzaji akaniuliza kama nina moyo, nikaleta kimoja. Mama akakigeuza.

"Hiki kimeshonwa na nani?"

"Mashine, Mama."

"Basi kikaliwe na mashine."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Nikamwambia anifundishe.

Single crochet, ile ya sindano yenye ndoano, ukielezwa ni rahisi. Ingiza sindano kwa stitch ya chini, vuta uzi, utabaki na vitanzi viwili, vuta tena upite vyote viwili. Nikafanya mazoezi na uzi wa sweta nzee. Nilianza na stitch ishirini. Mistari sita baadaye, kumi na nne.

Nikahesabu tena. Kumi na nne. Kitu kilikuwa kinaelekea kuwa sambusa.

Mama alicheka akashika mbavu. "Wewe ndiye wanayekuogopa sokoni kwa hesabu? Kila mstari unaruka ya mwisho. Unaikaza hadi huioni."

Akashika mkono wangu. "Usinyakue juu kama unachuma chai. Legeza. Uzi haubishani na wewe."

Hiyo ilinichoma kidogo. Maisha yangu yote ni kukaza.

Siku ya nne ishirini zilibaki ishirini, nikaingia kwa kitambaa chenyewe. Shida ni kwamba mistari ya Mama imelala, yangu imesimama kama askari. Nikasema nifumue chote nianze upya, kifanane.

Akakifunika kwa kiganja.

"Yako fumua hata mara mia. Yangu usiguse. Sitashona ingine."

Nikaendelea pale alipoishia, wakuu.

Siku ya koito nilikiweka kiti cha nyuma ya mlango. Mama akakihamisha hadi kiti cha katikati, kwa shangazi ya kijana. Huyo shangazi kabla ya kukaa akapitisha kidole juu yake, kidole kikasimama pale katikati.

"Hapa mkono umebadilika."

Nikaangalia sakafu.

"Ndiyo," Mama akasema. "Hapo ndipo kijana wangu aliponipokea."

Mahari tulielewana. Chebet yuko kwake Roret.

Funzo: kama mzazi wako ana kazi ya mkono, keti chini ufundishwe kabla vidole havijakataa. Mimi nilingoja hadi nusu.

Siku hizi nikikaa kile kiti nahesabu mistari ya Mama. Thelathini na moja. Nahesabu tena. Haiongezeki.

Nani hapa amewahi kumalizia mzazi kazi? Semeni. Na anayejua kulegeza uzi anielekeze, bado nakaza.