Mtaalamu wa Kompyuta Kutoka Chuo Kikuu

Kompyuta ya kwanza niliyoijua ilichorwa kwa chaki. Mhadhiri wetu, mwanamume mrefu aliyependa tai pana, aliichora ubaoni akaandika jina la kila sehemu, kama mwalimu wa sayansi anavyochora ua, nasi ukumbi mzima tukainakili. Mimi nilitumia rula. "Mtaongoza viwanda ambavyo bado havijazaliwa," alituambia, chaki ikimdondokea kwenye koti. Chuo kilikuwa na chumba cha kompyuta za kweli, ila tuliingia kwa zamu, na zamu yangu ilipokaribia wanafunzi waligoma, chuo kikafungwa, sote tukarudishwa makwetu. Mtihani ulipokuja nilichora ile picha upya, nikapata A.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtaalamu.

Likizo ndefu kabla ya mwaka wa mwisho, kila mwanafunzi wa biashara alitakiwa kwenda kujifunza kazi mahali fulani. Mimi nilipata nafasi Homa Bay, katika kampuni ndogo iliyonunua mbuta kwa wavuvi kuanzia Kendu Bay hadi Muhuru Bay, ikawatia samaki hao kwenye barafu na kuwapeleka kiwandani. Zamani kidogo samaki huyo alikaangwa na mama zetu akauzwa sokoni. Sasa alikuwa anapanda ndege kwenda Ulaya, nasi tuliozaliwa kando yake tunabakiziwa mgongo wazi, ile mifupa iliyokwisha kunyofolewa nyama.

Baba yangu, fundi cherehani pale Rodi Kopany, alinishonea suti ya kijivu yenye mabega mapana hata nikawa napita milangoni kwa ubavu. "Kiongozi lazima aonekane kutoka mbali," alisema, pini zikiwa mdomoni.

Nilionekana kweli. Siku ya kwanza meneja alinipokea uani, katikati ya magamba na maji ya barafu, wafanyakazi wote wakiwa wamevaa gambuti na mimi viatu vya kisigino.

"Madam! Mungu amesikia," alisema akinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kompyuta iko. Mtu wa kuifungua ndiyo hakuna."

Alinieleza kwamba wanunuzi wa ng'ambo sasa walitaka rekodi safi ya kila shehena: samaki alitoka ufuo gani, siku gani, akiwa na uzito gani. Kwa hiyo kampuni ilileta kompyuta kutoka Kisumu, na tangu muuzaji aondoke hakuna aliyethubutu kuigusa. Ilikuwa na chumba chake, chenye zulia, na mtu alivua viatu kabla ya kuingia. Ilikuwa imefunikwa vitambaa vya kufuma, cheupe juu ya kichwa na cha buluu juu ya kibodi, na pembeni pamewekwa chupa ya maua ya plastiki. Kwa mbali ungedhani ni bibi harusi.

"Baada ya wiki tatu utafanyia wafanyakazi semina," meneja akasema, akafunga mlango na kuniacha nayo.

Niliondoa vitambaa. Sehemu zote nilizijua kwa majina. Nilichokosa kujua ni inawashwa wapi, kwa sababu mhadhiri alituchorea upande wa mbele tu. Nikaizunguka na suti yangu. Nikabonyeza hiki na kile. Nikaanza kupangusa vumbi ili mikono isikae bure.

Mlango ukafunguliwa, akaingia sekretari na kikombe cha chai. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye miwani ya kamba. Meza yake ilikuwa nje ya mlango huo, na kwa miaka mingi barua zote za kampuni zilikuwa zimepita katika taipureta yake. Aliweka kikombe sakafuni, mbali na mashine, akanitazama.

"Nyathina, mtoto wangu, unatafuta nini?"

"Ninaikagua, mama."

"Unaikagua na kitambaa?"

Nilitaka kumjibu kwa maneno makubwa ya chuo, lakini machozi ndiyo yaliyotangulia. Nikamwambia ukweli wote, chaki, rula na ile A. Nilitarajia atacheka. Badala yake alifunga mlango kwa ufunguo na kuketi.

"Hata mimi naiogopa," alisema. "Wanasema ikiwaka tu, mimi naenda nyumbani. Na nina watoto wanne shuleni." Akavua miwani, akaipangusa. "Sasa sikia. Wewe unajua kusoma kitabu chake. Mimi vidole vyangu vinajua kuandika. Tuseme sisi wawili ni mtu mmoja."

Kitabu cha maelekezo kilikuwa kinene kama Biblia na bado kiko ndani ya nailoni. Nailoni tuliipasua siku hiyohiyo. Kitufe cha kuwashia tulikipata ukurasa wa saba. Kompyuta ilipounguruma tuliruka sote, yeye akataja jina la Yesu, mimi nikakanyaga chai.

Basi tukaanza. Mimi nilisoma kwa sauti na kumfafanulia, yeye akaandika barua na rekodi za samaki kwa kasi ya mvua ya mawe bila kutazama vidole. Shida yake ilikuwa moja. Kila alipomaliza mstari, mkono wake wa kushoto uliinuka wenyewe kusukuma wenzo wa taipureta, na kwa kuwa wenzo haukuwepo, ulipiga chupa ya maua. Siku ya kwanza tuliiokota mara tisa. Siku ya pili aliipeleka nje, na tangu hapo akawa anapiga hewa. Mara moja barua yake ndefu ilipotea yote, akanikazia macho kana kwamba nimeimeza.

Wiki ya tatu ikafika, na semina. Wafanyakazi waliacha gambuti mlangoni wakaingia na soksi mbichi, harufu ikajaa mpaka meneja akafungua dirisha. Nilianza kwa kuzungumzia uongozi na mabadiliko, kama nilivyoandika daftarini. Mpima samaki, mzee mkavu aliyeogopwa na wavuvi wote, akainua mkono.

"Mwalimu, hii mashine inaweza kujua mbuta ameoza?"

"Hapana."

"Mimi najua nikiwa bado barabarani. Sasa yenyewe inajua nini?"

Watu wakacheka. Nikaanza kupekua daftari langu. Sekretari akainuka, akaketi kwenye kiti changu, akamuuliza mpima alipokea nini asubuhi ile. Akaandika, akabonyeza, na samaki wote wa wiki nzima wakapangika wenyewe, ufuo kwa ufuo. Mpima akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Kumbe inakumbuka," alisema polepole, akarudi kukaa.

Wiki iliyofuata mhadhiri alikuja kunikagua. Akavua viatu, kidole gumba kikachungulia kwenye soksi. Aliomba nimwonyeshe kazi. Nikasema mwenzangu ataonyesha, naye akaonyesha vizuri sana, kisha kwa ukarimu wake akasimama na kusema, "Karibu, Daktari, ujaribu."

Mhadhiri aliketi. Kidole chake kimoja kikaelea juu ya kibodi kama mwewe aliyekosa kifaranga.

"Nani alizipanga hizi herufi?" alinong'ona.

Hapo nikaelewa kwamba naye alikuwa na chaki tu. Aliandika nusu ya jina lake, akabonyeza kitu, kila kitu kikatoweka. Meneja akatazama dari.

"Pole, Daktari. Hata sisi ilitupata," sekretari akasema, akarudisha kila kitu.

Alikuwa amekuja kwa saa moja. Aliondoka jioni, baada ya sekretari kumfundisha hata kuhifadhi barua. Mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini nani alinifundisha mimi. Nikamwonyesha kwa macho. Akafunga kamba za viatu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Liandike hilo kwenye ripoti," akasema. "Usilifiche."

Nililiandika, na nikafaulu. Mwaka uliofuata nilipita Homa Bay kumpa habari hizo sekretari. Taipureta haikuwepo tena mezani, na yeye alikuwa ndani, akimshika mpima kidole na kumwelekeza kwenye herufi. Niliita kwa furaha. Hakugeuka.

"Ngoja hapo nje, nyathina," alisema. "Niko na darasa."