Darasa Lililosoma Uso Wangu

Mama aliuza viatu vya mitumba hapa Nakuru, nami nilijua kupatana bei kabla sijajua kuandika. Kwa hiyo nilipoenda mahojiano ya ufadhili wa walimu wa hesabu na fizikia, wakaniambia nikimaliza nitafundisha miaka mitano katika shule isiyo na walimu, nilijibu mitatu. Mwenyekiti akauliza kama nadhani niko sokoni. Tukafunga kwa mitano. Sijawahi kununua kitu kingine kwa bei ya kwanza.

Mazoezi ya kufundisha nilipelekwa Olenguruone, kwenye shule iliyokaa muda mrefu bila mwalimu wa hesabu. Nilichanganyikiwa siku ya kwanza, maana watoto walijibu kila kitu. Nikiuliza eneo la duara, mmoja anataja arobaini, mwingine thelathini na sita, kisha wanatua palepale panapotakiwa. Nikajiambia hawa ni vichwa. Muhula ukielekea mwisho nikawapa mtihani wa kuandika, nikausahihisha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Darasa zima lilikuwa limeanguka.

Nilimuuliza msichana wa dawati la mbele, ambaye mamake huuza viazi, kulikoni.

"Kwani mwalimu hujijui? Tukienda mbali unakunja uso. Tukikaribia unainua nyusi. Mathe anasema mteja wa hivyo humalizi naye dakika."

Sikujua nicheke au niombe radhi. Muhula mzima nilikuwa nauza majibu kwa uso. Na Alhamisi hiyo mkaguzi wa ufadhili alikuwa anakuja kuniona darasani; nisipopita, ufadhili unaishia hapo, narudi kwenye viatu.

Alipokuja akakaa nyuma. Nilichora pembetatu yenye pembe mraba, pande mbili fupi zikiwa na urefu wa tano na kumi na mbili, nikauliza upande mrefu ni ngapi, kisha nikabaki nimeutazama ubao. Mmoja akajaribu kumi na tano, mwingine kumi na nne.

"Mwalimu, si ugeuke basi," mtu akalalamika, wakacheka. Sikugeuka.

"Yangu ni kumi na saba," akasema yule msichana. "Na sishuki."

Nikamwita aje aonyeshe. Alijumlisha pande mbili, akaweka kidole kwenye ncha moja, akakizungusha kufuata pande hizo mbili, kisha akakipitisha kwa mkato juu ya upande mrefu. Akasimama.

"Lakini kama ni kumi na saba," akasema polepole, "ya nini kupita njia ya mkato?"

Akafuta. Kengele ikalia jibu likiwa halijapatikana. Nje, mkaguzi alipekua karatasi zake mbele na nyuma.

"Kipindi kizima, swali moja, jibu hakuna, na mwalimu ametupa mgongo," akasema. "Nimekupitisha. Usiniulize kwa nini, bado natafuta."

Ndani, msichana alikuwa angali ubaoni, wenzake wamemzunguka, wanabishana kama kumi na tatu inatosha, na hakuna aliyenitazama.