Mwenzangu wa Kigango

Kigango chetu cha Mchinga hakijawahi kujaa. Nilipohamishiwa pale kuwa muuguzi wa zahanati, Wakatoliki tulikuwa familia chache, karibu zote za watumishi wa serikali, na serikali ikawahamisha mmoja mmoja kama ilivyowaleta. Mwisho tukabaki wawili: mimi, mjane niliyetoka milima ya Kipatimu, na bibi mmoja wa Rondo aliyeolewa pwani zamani na akabaki hata baada ya kumzika mumewe. Padre alifika kutoka Lindi alipoweza. Jumapili nyingine zote tulisoma Injili wenyewe, tukasali rozari, tukafunga mlango.

Yule bibi hakuwa na cheo chochote. Lakini kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, alipita kwa jirani yake, mama mzee Mwislamu aliyepooza upande mmoja. Binti wa mgonjwa alikuwa ameshatoka kwenda kuuza samaki. Bibi alimwogesha, akamgeuza, akampaka mafuta ya nazi mgongoni. Nilijua habari hiyo kwa sababu alikuja zahanati kuniuliza namna ya kumlaza mtu asipate vidonda.

Nikamwambia nitamwomba padre amtaje kanisani. Akakunja uso.

"Amwambie nani, mwanangu? Kanisani tupo mimi na wewe."

Masika yale aliugua homa ya mapafu, akafariki kabla hatujapata gari la kumpeleka Lindi. Watoto hakuwa nao. Nikampigia padre simu.

"Maji yamekata barabara," alisema. "Ongoza wewe mazishi. Nitakuja kubariki kaburi."

Wanaume wa mtaani, Waislamu wote, walichimba kaburi bila kuombwa. Wanawake kwao hawaendi makaburini, wakabaki uani, kwa hiyo nikawa mwanamke peke yangu nyuma ya jeneza. Nilisoma sala, nikafika mahali pa kuitikiwa, kukawa kimya. Hawakunidharau, hawakujua la kujibu. Nikaanza wimbo wa kumuaga, sauti ikakatika.

Mzee mmoja wa msikitini akasema kwa upole, "Endelea, mama. Hatuna haraka."

Nikaendelea mpaka mwisho. Sijawahi kuisikia sauti yangu ikiwa peke yake namna ile.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mgonjwa. Binti yake alikuwa ameshindwa kumwambia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzio hajambo? Siku hizi simwoni."

Nikakaa kitandani, nikamwambia. Alilia bila sauti, mdomo ukimvutika upande. Kisha akasema, "Innalillahi." Nikachemsha maji ya kumwogesha.

"Mikono yako mizito," alisema nilipoanza kumsugua. "Yake ilikuwa laini."

"Nitajifunza, mama."

"Haya. Anza na bega."

Barabara ilipopitika padre alikuja, akabariki kaburi. Aliniuliza marehemu alikuwa na wadhifa gani kigangoni, apate la kusema. Nikamweleza kuhusu yule mgonjwa. Alisikiliza vizuri, akasema ni jambo jema sana, kisha akatazama saa, maana alikuwa na misa kwingine. Simlaumu. Nilisimama barabarani mpaka pikipiki yake ikapotea, nikiwa bado na mengi ya kusema juu ya yule bibi na sina wa kumwambia.

Asubuhi nampitia mgonjwa kabla ya kufungua zahanati. Bado analalamikia mikono yangu, ila si sana. Jumapili nafungua madirisha ya kigango, nafuta vumbi, nasoma Injili kwa sauti mbele ya mabenchi matupu. Kuna siku upweke unanizidi, nikaacha katikati ya mstari. Nasubiri upungue, kisha naendelea kusoma.