Filimbi ya Wifi Yangu

Wifi yangu alipata jina la Filimbi kabla mimi sijaolewa pale, na mpaka leo kuna wageni wanaodhani ndilo jina alilozaliwa nalo. Filimbi yenyewe, ile ya chuma yenye kamba ya kijani, ilikuwa ya mama mkwe wangu, ambaye sikumkuta. Alipofariki, binti yake alikuwa na miaka kumi na saba. Haikupita hata wiki. Baba mkwe akaitoa filimbi msumarini nyuma ya mlango wa jikoni akamvisha binti yake shingoni, kwa sababu wageni walikuwa wamejaa getini na ilibidi apatikane wa kuwatoa mahindini, na aliyewahi kumfuata mama yake na jembe ni yeye tu.

Nieleze kidogo, maana mtu asiyelijua shamba letu ataona natunga. Sisi ni shamba la familia. Mvua za kwanza tunapanda, kiangazi watoto wa mjini wanakuja kukamua mbuzi na kulisha sungura. Kila mwaka hakosekani baba mmoja aliyevaa suruali nyeupe, anasimama pembeni akisema yeye anaangalia tu, na kila mwaka yule beberu mwenye pembe moja anamfuata huyohuyo. Mume wangu anawazungusha wageni kwenye tela la trekta lililojazwa nyasi kavu. Baada ya mavuno kuna maboga, kila mtu ajichagulie lake. Lakini kinachowaleta watu kwa mabasi ni Potea-Potea.

Hiyo ni ekari nne za mahindi zilizokatwa vinjia. Unaingia upande wa ghala, unatafuta pa kutokea upande wa kisima. Basi, ni hivyo tu. Mahindi yakifika magotini, mtu mmoja anaingia na jembe anang'oa mstari huku, anaacha kule, anaziba hapa, anapinda pale. Yakishakuzidi kimo, huoni kitu ila majani na mbingu. Katikati kuna dungu, jukwaa refu la miti, na juu yake anakaa mwenye filimbi anayewatazama watu wanavyohangaika. Aliyechoka ananyoosha mkono, anapigiwa. Mlio mmoja, kata kulia. Miwili, kata kushoto. Mitatu, simama hapohapo nakuja.

Njia haiandikwi. Hiyo ilikuwa amri ya mama mkwe. Mwaka wa kwanza alichora ramani, mgeni mmoja akaipiga picha, na kufika mchana watoto walikuwa wanaingia na kutoka kama wanakwenda chooni. Tangu siku hiyo njia hubadilishwa kila mwaka, na hukaa kichwani mwa mtu mmoja tu, yule aliyeshika jembe. Baba mkwe magoti yalishamkataa na macho yamepungua. Mume wangu, nampenda, lakini yule anapotea hata ndani ya banda la kuku. Kwa hiyo kuanzia mvua mpaka mavuno, Filimbi hakutoka getini. Hakwenda harusi, wala kulala kwa rafiki. Akiumwa, analetewa uji juu ya dungu.

Alikuwa na akili za kutisha yule msichana. Anasimama mlangoni anakwambia kutoka hapa mpaka kwenye kisima ni hatua mia tatu na kumi, na ukipima ni hizohizo. Chuo cha upimaji ardhi kilimpa nafasi akiwa na miaka kumi na tisa. Alimwonyesha baba barua mezani. Mzee akaisoma, akaikunja vizuri, akasema, "Msimu huu tu, mama. Ukiisha, utaenda." Binti akakiomba chuo kimsogezee nafasi mwaka mmoja. Mwaka uliofuata nikaolewa mimi, na nikayasikia maneno yaleyale kwa masikio yangu, kwa sauti ileile ya upole. Huo upole ndio ulionikera. Angekuwa mkali ningemjibu.

Mwaka wa tatu chuo kikaandika kwamba sasa basi. Aripoti Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita, la sivyo nafasi anapewa mwingine na asiombe tena. Mwezi wa sita mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele na wageni ndio wanaanza kumiminika.

Nilimkuta nyuma ya banda la mbuzi, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, barua imelowa machozi. Hakuinua hata uso.

"Wifi," akasema, "nitoe humu."

Mimi nina mdomo, naujua, na huwa unatangulia kabla ya kichwa. Nikamwambia, "Nyanyuka. Mahindi bado yako magotini. Mwaka huu ukikata njia, mimi nakuwa nyuma yako na kamba na vigingi. Nikishajua mimi, wewe una kazi gani hapa? Uende zako."

"Na cherehani yako?"

Aliuliza hivyo kwa sababu cherehani yangu ilikuwa chini ya kitanda, bado ndani ya boksi lake. Mimi na mume wangu tulishakubaliana kwamba mwaka ule tutapanga chumba kule sokoni nifungue ushonaji. Nikacheka.

"Cherehani haiozi. Nashika msimu huu tu, halafu watatafuta mtu."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Tulikata kwa wiki mbili na nusu. Asubuhi umande unatulowesha mpaka kiunoni, mchana shingo zinababuka. Yeye anatangulia na jembe, mimi nafuata nikirudia kama kasuku: kisiki, kulia, kulia tena, pembe ya uongo, kushoto kwenye jiwe jeupe. Nikikosea ananirudisha mwanzo kabisa. Wee! Siku nyingine nilitamani kumpiga na kigingi. Lakini tulicheka pia, maana tukiwa peke yetu alikuwa mtu wa utani, akiigiza wageni mmojammoja, na yule wa suruali nyeupe ndiye aliyemweza zaidi.

Ijumaa kabla ya ile Jumatatu, tukiwa tunakula, akaweka kijiko chini.

"Baba, Jumatatu naenda chuo."

Mume wangu akaganda na tonge mkononi. Mzee akaendelea kutafuna taratibu.

"Na wageni?"

"Wifi anajua njia."

Mzee akageuka kunitazama, na macho yale mabovu siku hiyo yaliniona vizuri sana. "Kesho inakuja shule," akasema. "Madarasa mawili. Wewe mama usiguse filimbi, usifungue mdomo, usinyooshe hata kidole. Watoke wote kwa mkono wa wifi yako kabla ya mvua ya alasiri. Wakitoka, nenda na baraka zangu. Asipoweza, tutazungumza."

Kwetu "tutazungumza" maana yake hakuna tena mazungumzo. Filimbi alijua, na usiku ule kitandani kwake nilisikia akijigeuza tu.

Jumamosi watoto wakashuka sitini na wawili, na mwalimu wao mnene mwenye mwavuli mwekundu. Mzee akaweka kiti chake upande wa kisima, mahali pa kutokea, awahesabu kwa kuwagusa kichwa. Filimbi alisimama kwenye ubao wa chini wa dungu, kichwa juu ya mahindi, mikono nyuma, midomo ameibana. Mimi nikapanda juu, filimbi shingoni, mume wangu akinipungia kofia kutoka kwenye trekta kana kwamba nasafiri na ndege.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Kundi la kwanza likanyoosha mikono likiwa limeshanipita, nikapiga, wakakata, wakatoka wakishangilia. La pili vilevile. Nikaanza kujiona. Mara likaja kundi la mwalimu kwa upande wa ghala, wanatembea kunielekea, wamefika kwenye jiwe jeupe. Nikapiga mmoja, kulia. Wakakata, wakagonga ukuta wa mahindi. Nikapiga tena, wakarudi walikotoka. Nikapiga miwili, wakapotelea kwenye pembe ya uongo, ile isiyotoka popote. Mawingu upande wa mlima yalikuwa yameshakuwa meusi.

"Mama!" mwalimu akapaza sauti. "Jiwe hili tumeliona mara nne! Umelipenda au?"

Kichwa kikawa kitupu. Kisiki kilikuwa wapi? Kushoto kilikuwa kipi? Watoto wadogo wawili wakaanza kulia, na kilio cha watoto kinaambukiza, mara wakawa sita, mara wote. Kule kisimani nikasikia mzee akiita, "Hamsini! Bado kumi na wawili!" Tone la kwanza likanidondokea puani.

Nikatazama chini. Filimbi alikuwa hana rangi usoni. Hakufungua mdomo wala kunyoosha kidole. Alichofanya ni kugeuka tu. Aligeuka mwili mzima, taratibu, akawapa mgongo watoto na mwalimu wao, akasimama hivyo akiangalia kisima.

Nikamwona mjinga kwanza. Halafu ikaniingia. Watu walikuwa wananijia uso kwa uso, na mimi nilikuwa nawapigia kulia kwangu! Kulia kwangu kwao ni kushoto. Muda wote ule shambani nilikuwa nyuma ya mgongo wake, kulia kwetu kulikuwa kumoja, na hakuna aliyekumbuka kuniambia kwamba juu ya dungu mambo yanageuka. Nikageuka na mimi, nikawapa mgongo, nikawa nachungulia juu ya bega kama mwizi, nikapiga. Mmoja. Mmoja. Miwili. Mmoja. Nikasikia vilio vinakuja, vinapita chini yangu, vinakwenda zake.

"Sitini na wawili!" mzee akaita. Kisha mvua ikashuka yote kwa pamoja.

Tulikimbilia ghalani, watoto, mwalimu, mbuzi, sote tumelowa chapachapa. Mzee alikuja wa mwisho, anachechemea, akasimama mbele ya binti yake. Nilijua alimwona alivyogeuka. Kiti chake kilikuwa kinatazamana na dungu moja kwa moja, na macho yale kwa mbali hayakuwa mabaya hata kidogo. Nilingoja aseme.

"Nenda, mama," akasema. "Uandike ukifika."

Filimbi akamwangukia kifuani akalia kwa sauti. Na mimi nililia, kwa furaha, naapa ilikuwa furaha tupu. Nikaivua filimbi nimpe aende nayo, iwe ukumbusho wa mama yake. Mzee akanizuia mkono.

"Kaa nayo hiyo, mwanangu," akasema kwa upole. "Itakufaa."

Huu ni mwaka wa nne. Mwaka wa kwanza watu wawili walikuja kuomba kazi. Mmoja alipotea akilia, wa pili aliomba apewe ramani. Mwaka wa pili hatukutafuta. Mama yangu mzazi aliugua wakati wa palizi, nikaenda siku moja nikarudi, kwa sababu mahindi yalikuwa magotini. Alipona, nashukuru, lakini ndugu zangu wananitania kwamba nimeolewa na mahindi. Boksi la cherehani limehamishiwa ghalani, juu yake zimewekwa mbegu za maboga. Nikimuuliza mume wangu habari za chumba cha sokoni, ananikumbatia, mtu mwema yule, ananiambia, "Msimu huu tu, mke wangu." Nikilala naota pembe za uongo. Nina hasira siku hizi mpaka beberu ananikwepa, na sina wa kumkasirikia, maana kila aliyefanya lolote alifanya kwa nia njema, na wa kwanza wao ni mimi.

Filimbi anaandika. Anapima mabarabara, amenenepa, ana sauti ya watu wa ofisini. Nilimwambia mara moja kwenye simu kwamba nimechoka, akasema, "Pole, wifi, vumilia." Akasema na mengine mazuri, ila sikuyasikia.

Jumapili iliyopita akaja. Tulikumbatiana mpaka tukaanguka. Alimletea baba miwani, akanibebea mimi kitambaa cha zambarau, kizuri sana, mita tano. "Utajishonea kitu," akasema. Nikamshukuru. Alikuwa arudi jioni ileile, gari la kazini lingempitia saa kumi. Halafu akaning'ang'ania mkono kama mtoto.

"Hebu nami niingie Potea-Potea! Sijawahi kuingia nisiyoijua."

Akaingia upande wa ghala, anacheka. Nikapanda dungu. Alikwenda vizuri, akapita kisiki, akapita kona ya pili, kisha nikamwona anapunguza mwendo. Akasimama. Akashika kiuno, akazunguka mara mbili. Ile hesabu yake ya hatua haikumsaidia, kwa sababu njia ilikuwa yangu. Mahindi yalikuwa yamemfunika hata mimi nikawa naona kitambaa cha kichwani tu.

Nilimtazama kwa muda. Saa tisa ilikuwa imepita. Barabarani vumbi la gari lilikuwa linakuja.

Akanyoosha mkono juu. "Wifi!" akapaza sauti, kicheko kimejaa. "Nitoe humu!"

Nikageuka nikampa mgongo, nikatia filimbi mdomoni. Njia ilikuwa kulia. Nikapiga miwili.

Akakata kushoto bila hata kufikiri.