Wimbo wa Mzee wa Pasi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaisahau. Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwetu Tandika. Mama alikuwa barazani anachambua mchicha, baba anagongelea mguu wa kigoda uliolegea, na majirani wamejaa uani utadhani kuna harusi. Redio tulikuwa tumeiweka juu ya stuli, sauti imefunguliwa yote, kwa sababu siku hiyo kaka yangu Ambakisye alikuwa anahojiwa. Sie nyumbani tulimwita Amba tu.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, usije ukanilaumu kwamba nimekuingiza katikati ya habari.

Mie naitwa Atupele. Wazazi wetu walitoka Tukuyu, baba akaja Dar kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, na sisi tukazaliwa hapahapa mjini. Amba alikuwa mkubwa wangu. Toka utoto alikuwa mtu wa kusikiliza. Mkikaa mnaongea, yeye kanyamaza, halafu jioni anakuigiza vile ulivyosema mpaka unacheka mwenyewe. Gita alijifunzia kanisani. Baadaye akakutana na Shaweji, kijana wa Temeke, mtoto wa wenyeji hasa, ambaye mjomba wake alikuwa baharia. Huyo mjomba akirudi safari alikuwa anakuja na kanda za muziki, na katika hizo kulikuwa na moja ya vijana wa Uingereza, wa miji ya viwanda kule kaskazini. Ilikuwa albamu yao ya kwanza. Magitaa yanakwaruza, ngoma zinakimbia, na yule mwimbaji anaimba kwa lafudhi ya mtaani kwao, wala hajaribu kuificha. Kiingereza chao tulikuwa hatukielewi vizuri. Mjomba ndiye aliyetutafsiria, akasema, "Hawa wanaimba mtaa wao. Kituo cha basi, baa ya jirani, kiwanda kilichofungwa, basi. Na nchi nzima imewapenda."

Amba alikaa na kanda ile mpaka ikaanza kukwama. Siku moja akatuambia, "Kama wao wameimba kwao, sisi kwa nini tusiimbe Tandika?"

Ndivyo bendi ilivyoanza. Amba gita na sauti, Shaweji besi, rafiki yao mmoja kwenye dramu, na mimi wakanichukua niimbe viitikio. Mama alinung'unika kidogo, baba akasema, "Mwache mtoto aimbe, sauti yenyewe kapewa na Mungu." Baba yangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Mpole, msafi mno. Kila alfajiri alikuwa anapiga pasi shati lake mwenyewe, pasi ya mkaa, hataki kusaidiwa, halafu anachukua hotipoti yake ya chakula anakwenda kazini. Tulikuwa tunaamka kwa harufu ya ile pasi.

Tulirekodi albamu yetu kwenye studio moja ndogo Mikocheni, nyuma ya maghala. Tuliipa jina *Asubuhi ya Tandika*. Nyimbo zote zilikuwa za mtaani kwetu: foleni ya maji, mama muuza chapati, ugomvi wa wapangaji. Ilikuwa imebaki nafasi ya wimbo mmoja. Amba akaja nao siku ya mwisho, umekamilika kabisa, tukabaki tunatazamana kwa jinsi ulivyokuwa mtamu. Uliitwa "Mzee wa Pasi". Unamhusu mzee aliyeachishwa kazi, lakini kila asubuhi anapiga pasi shati, anaaga, anakwenda kukaa ukutani mpaka jioni, halafu anarudi nyumbani anajifanya kachoka. Kiitikio niliimba mimi: *Mzee wa pasi, shati limenyooka, kazi iko wapi?* Tena Amba alinielekeza niimbe kwa kucheka.

Nilimuuliza, "Amba, huyu mzee ni nani?"

Akasema, "Wako wengi, Atu. Imba."

Nikaimba. Baba yangu mimi alikuwa na kazi, mwanangu. Ningemfikiriaje?

Kanda zilipotoka, mji ulitupokea kuliko tulivyoota. Mwandishi mmoja wa gazeti aliandika kwamba hatimaye wamepatikana vijana wanaoimba Dar es Salaam tunayoishi, siyo ya kwenye kadi za posta. Redio zikaanza kuupiga "Mzee wa Pasi" asubuhi na jioni. Ukipita Mbagala unausikia, ukienda Kinondoni unausikia. Watu walikuwa wanaucheka wimbo huku wanaucheza. Amba akabadilika hata mwendo. Simlaumu. Kijana akisifiwa na mji mzima, miguu haikanyagi chini sawasawa.

Sasa turudi kwenye ile Jumapili. Mtangazaji alimsifia weee, halafu akamuuliza, "Hebu tuambie, Amba, huyu Mzee wa Pasi, ni mtu wa kweli au umemtunga?"

Amba akacheka. Nakijua kile kicheko, ni cha mtu anayetaka kufurahisha watu. Akasema, "Ni wa kweli kabisa. Ni mzee wangu mwenyewe. Nilimkuta huku huku Mikocheni siku nakuja studio, kakaa ukutani na hotipoti yake. Nikamtazama toka ng'ambo ya barabara, nikarudi siku nyingine, yupo palepale."

Mtangazaji akaangua kicheko, akasema, "Basi tumsikilize mzee!" Wimbo ukaanza.

Mama alikuwa ameshika shina la mchicha, akabaki nalo hivyohivyo. Akamgeukia baba, akasema kwa sauti ndogo sana, "Baba Amba?"

Baba alibaki na nyundo mkononi. Nilidhani atainuka azime redio. Hakuizima. Aliuacha wimbo uishe, wote, na mie nikawa nasikia sauti yangu mwenyewe inamcheka baba yangu mbele ya majirani, kiitikio cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ulipokwisha akaweka nyundo chini taratibu, akasema, "Wimbo mzuri. Wamejitahidi." Akaingia ndani.

Majirani wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Amba alirudi jioni na soda mkononi, akitegemea kushangiliwa. Alipotuona nyuso zetu ndipo akaelewa. Nadhani mpaka wakati ule alikuwa hajafikiria kabisa kwamba redio ya studio na redio ya nyumbani ni kitu kimoja. Akaingia chumbani kwa baba. Mlango haukufungwa, kwa hiyo tulisikia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Baba akamwambia, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "Ni kweli kiwandani walitupunguza. Na ni kweli nakaa pale ukutani. Lakini pale ni geti la ghala, Amba. Msimamizi anatoka anachagua vibarua wa kupakua magunia. Ukikaa ukutani anakuona. Siku nyingine nachaguliwa, nabadilisha nguo, nabeba. Siku nyingi hanichagui, anasema nimezeeka. Chakula mlichokuwa mnakula kilikuwa kinatoka pale."

Amba akasema, "Sasa kwa nini hukutuambia?"

"Mama yako ana presha. Nilisema nipate kwanza kazi ya kueleweka, ndipo nimwambie. Na shati nilipiga pasi kwa sababu sikutaka mtoto wangu yeyote anione natoka nyumbani kama mtu aliyeshindwa." Kisha akasema lile neno ambalo sijawahi kulisahau. "Kumbe uliniona. Uliniona, ukasimama ng'ambo ya barabara, ukanitazama, ukaondoka. Tena ukarudi kunitazama. Ungevuka tu, mwanangu. Ungekuja ukaniuliza, baba, vipi? Ningekuambia yote."

Amba alilia. Baba akamshika kichwa, akamwambia amemsamehe, na mie naamini alimsamehe kweli, kwa sababu hakuwa mtu wa kuweka kitu moyoni. Mama ndiye aliyechukua muda mrefu kuongea na Amba. Naye hakulaumu sana habari ya wimbo. Kilichomuuma ni kwamba mumewe alikuwa amebeba magunia peke yake na siri yake peke yake, na yeye mke akaja kuyajua pamoja na majirani.

Lakini msamaha wa chumbani haukutoka kwenda mjini. Wimbo ulikuwa huko nje, na watu walishajua ni wa nani. Baba akipita, watoto wanaanza, *shati limenyooka, kazi iko wapi?* Watoto hawana kosa, kwao ni wimbo tu. Vibarua wenzake nao wakamwita hivyohivyo, na msimamizi wa ghala akawa akimwona anacheka, anamwambia, "Mzee, wewe si staa? Unatafuta nini huku?" Akaacha kwenda. Kisha akaacha kwenda kanisani. Kisha akaacha kutoka chumbani, ila kuoga. Ile pasi ikakaa mvunguni mwa kitanda, na asubuhi zetu zikawa hazina harufu.

Amba alihangaika, nisimnyime sifa yake. Alikwenda redio zote kuomba wauache ule wimbo. Mtangazaji mmoja alimwambia, "Braza, wimbo ukishatoka siyo wako, ni wa watu." Na alikuwa anasema kweli. Shaweji alikwenda kwa wauza kanda kuwasihi, wakamcheka, maana ndiyo kanda iliyokuwa inatoka kuliko zote. Amba akakataa kupanda jukwaani, bendi ikafa hivyo, katikati ya sifa. Magazeti yakaandika kwamba vijana wamevimba vichwa, wamegombana. Tukawaacha waandike.

Masika yalipokuja baba akapata homa ya mapafu. Hakupambana nayo. Daktari alisema mwili wake haukuwa mbaya kiasi cha kushindwa, lakini daktari hakuwa anamjua. Alifariki mama kamshika mkono, na Amba kakaa chini sakafuni.

Siku ya mazishi turubai lilifungwa pale uani, watu wakajaa mpaka barabarani. Wakati mchungaji hajafika, tumekaa kimya, ng'ambo kwa kinyozi redio ikaanza "Mzee wa Pasi". Yule kinyozi alikuwa mgeni mtaani, hata hakujua msiba ni wa nani. Amba akanyanyuka. Nikamfuata, nikaogopa asije akagombana. Akasimama mlangoni pale saluni. Kinyozi akamwona, akamkaribisha kwa furaha, akasema, "Kaka, hii ngoma unaijua? Vijana wa hapahapa hawa. Sikiliza huyo dada anavyomcheka mzee, yaani safi kabisa!"

Amba akasema, "Naijua."

Akageuka, akarudi turubaini, akakaa pale alipokuwa amekaa. Nami nikarudi nikakaa kando ya mama. Wimbo ukaenda mpaka mwisho, waombolezaji wameinamisha macho, mama kajifunika kanga usoni, na sauti yangu ya usichana inacheka juu ya jeneza la baba.

Imepita miaka mingi. Mama naye ametangulia. Amba anaishi Bunju, anafyatua matofali, ana familia nzuri. Gita hajaligusa tena, na harusini muziki ukizidi utamkuta nje anaongea na walinzi. Kabla ya kukusimulia haya nilimpigia simu, nikamuuliza kama naruhusiwa. Akasema, "Waambie, Atu. Lakini uwaambie baba alikuwa anafanya kazi." Basi nimekuambia. Alikuwa anafanya kazi.

Mwanangu, najua siku hizi mnarekodi chumbani kwa simu, na kabla chai haijapoa kitu chako kimesambaa hadi Mwanza. Sikukatazi. Imba mtaa wako, andika ya nyumbani kwenu, maana wimbo wa kweli watu wanaujua wakiusikia, hata sisi walitupenda kwa hilo. Ila ukimwona mtu katika aibu yake, usikimbilie kalamu wala simu. Nenda kwanza kwake. Mwamkie, kaa naye, muulize habari yake mpaka aimalize mwenyewe. Huenda ulichoona ni nusu tu, na hiyo nusu uliyoiacha ndiyo iliyokulisha. Akikuambia usiimbe, usiimbe, hata kama ni wimbo bora kuliko zako zote. Nyimbo utapata nyingine. Na usipime kazi yako kwa kelele za watu wasiomjua huyo uliyemwimba. Pima kwa kumtazama yeye usoni siku anayousikia. Kama huwezi kukaa naye chumba kimoja wimbo ukipigwa, basi uache.

Mungu akupe sauti, na akupe masikio kabla ya sauti. Wazazi wako wawe hai waisikie kazi yako, na wakiisikia wanyanyue vichwa. Na siku utakayosifiwa na mji, Mwenyezi akuwekee karibu mtu mmoja wa kukushika mkono uteremke taratibu. Nenda salama, mwanangu, na ukifika nyumbani msalimie baba yako.