Jezi ya Klabu Ambayo Hakuichezea

Katibu wa klabu ya mpira ya mji mmoja mdogo wa Skotilandi ameandika kwamba rafiki yangu marehemu hakuichezea klabu hiyo hata mchezo mmoja. Barua yake ilifika posta ya Kitale Jumanne, ikiwa imefungwa pamoja na jezi ya njano yenye mistari myeusi. Mpaka leo ni mimi tu ninayejua yaliyomo.

Mhariri, lifiche jina langu, mengine yachapishe yote. Nina miaka arobaini na minane, ni fundi wa matrekta hapa Kitale, kwetu ni Bungoma. Sina mke wala mtoto.

Marehemu tulimwita Bwana Maki. Alikuja baada ya vita vya kwanza, mguu mmoja ukiwa na kovu la risasi, akaajiriwa na Singasinga mwenye karakana ambamo mimi nilifundishwa kazi. Wazungu wenzake hawakumkaribisha kwenye klabu yao, kwa kuwa alifanya kazi chini ya Mhindi na jioni alicheza mpira nasi. Alikula peke yake miaka yote niliyomjua.

Kitu alichokingojea kilikuwa gazeti la kwao, lililosafiri kwa meli na treni zaidi ya mwezi mmoja. Alikuwa akilifungua akiwa amesimama, anatafuta mstari mmoja tu wa matokeo. Klabu yake ikiwa imefungwa, hakula siku hiyo.

"Leo msimguse," Simiyu, fundi wa magurudumu, alikuwa akituonya. "Ati walifungwa mwezi jana, bana, na yeye analia leo."

Alituambia kwamba aliichezea klabu hiyo kabla ya vita, na kwamba klabu kubwa ya Glasgow ilimwita akakataa. Juu ya hadithi hiyo ndipo tulipoijenga timu yetu ya Bungoma. Kwetu wanaume waliotahiriwa mwaka mmoja ni bakoki mpaka kufa. Huwezi kuhamia rika lingine, na mtu anayedai rika ambalo hakukikabili kisu pamoja nalo hapewi kiti kati yao. Wafula, aliyekuwa nahodha wetu na sasa ni mwenyekiti, alisema timu ifuate sheria hiyo hiyo: ukivaa jezi yetu, hutavaa nyingine. Tukachagua njano na nyeusi, rangi za klabu ya Bwana Maki. Bwana Maki akapewa kiti kati ya waanzilishi. "Huyu kisu chake alikikabili huko kwao," Wafula alisema, na wote tukakubali.

Nilipokuwa na miaka ishirini na sita, timu moja ya Nairobi ilinitaka nikacheze winga, na kazi ya reli ilikuwa inaningoja huko. Nasimiyu, msichana niliyekuwa nimemposa, alishaanza kufunga vyombo. Nilikwenda kwa Bwana Maki kuomba shauri. Alikuwa anapaka viatu vyake vya mpira mafuta, kama kila Jumamosi, ingawa mguu ulikuwa umeshamkataza kucheza.

"Mimi niliitwa, nikakataa," aliniambia. "Mtu ana klabu moja. Hizo nyingine ni kazi tu."

Nikakataa Nairobi. Nasimiyu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo wewe umeoa mpira wa Bungoma?" Mwaka uliofuata aliolewa na polisi wa Nakuru.

Niliichezea Bungoma mpaka magoti yakakataa. Bado hupanda basi kutoka Kitale kila Jumamosi kwenda kuchora mistari ya uwanja kwa majivu. Vijana wa sasa hunisalimu, "Shikamoo mzee wa majivu," kisha huendelea na maongezi yao. Jumapili mimi hurudi Kitale. Zamani nilikuwa ninakwenda kukaa na Bwana Maki mlangoni pake. Hatukuwa na maneno mengi, lakini tulikuwa wawili.

Alifariki kabla ya mvua hizi. Kaburini tulikuwa padre, Singasinga, Simiyu na mimi. Wafula akaamua tucheze mchezo wa kumkumbuka, akaniambia niiandikie klabu yake iseme neno. Nikaandika. Jibu ndilo hili.

Katibu anasema wamepekua madaftari yote ya wachezaji na jina hilo halimo. Mzee mmoja aliyekuwa akitunza uwanja anamkumbuka: alikuja kujaribiwa mara moja, akaambiwa arudi mwaka unaofuata, kisha vita vikaanza. Lakini sandukuni wamekuta barua zake, kila mwezi tangu vita viishe, akiuliza nani kaumia, nani kafunga, kama paa la jukwaa limetengenezwa. Katibu anaandika kwamba hawajapata kuwa na mtu mwingine aliyewapenda hivyo. Kwa sababu hiyo wametuma jezi.

Nimeisoma barua mara nyingi. Hakuna klabu ya Glasgow iliyomwita. Aliponiambia nikatae, hakuwa amekataa chochote. Nimemkasirikia, kisha Jumapili nikajikuta nimesimama mbele ya nyumba yake iliyofungwa, sijui nimeendea nini.

Wafula amekuja kuuliza mara mbili. "Si wamejibu? Wewe ndiye utakayesoma, Kizungu chao unakijua." Nikisoma ilivyo, wazee watamwondolea kiti chake kati ya waanzilishi, na vijana watajua kwamba sheria ya jezi moja ilisimama juu ya uongo, na maisha yangu pia. Nikigeuza maneno, nitakuwa nimedanganya mbele ya rika langu kama yeye alivyodanganya.

Mchezo ni Jumamosi baada ya wiki mbili, saa kumi alasiri, uwanja wa shule, Bungoma. Jezi itatundikwa kwenye mlingoti wa goli, nami nitasimama chini yake na barua mkononi. Gazeti hili hutufikia Kitale siku ya Alhamisi, Bungoma halifiki. Ninyi mnaosoma, niambieni katika gazeti la Alhamisi ya kabla ya mchezo: niisome barua ilivyo, au niigeuze?